Uwanja Umejaa

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijapata ukali, mimi na mjomba Shaweji tulikuwa tukifunua mfuniko wa karo la vyoo lililo nyuma ya Nyumba ya Wageni wa Taifa. Yeye alizamisha fimbo yake ndefu aliyoizungushia kitambaa cheupe, akaitoa polepole, akatazama kitambaa kimechafuka hadi wapi. Mimi niliandika tarakimu kwenye daftari. Kisha tulinawa mikono kwa sabuni, tukakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, tukanywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake. Hakuwa mjomba wangu wa damu. Alikuwa mtunza karo, mimi nilikuwa Afisa Msaidizi wa Mifereji niliyetoka chuoni mwaka mmoja uliopita, na mtu akikumiminia chai kila asubuhi huwezi kumwita Bwana Shaweji.

Asubuhi ninayoisimulia hatukuifikia chai. Fimbo ilikuwa bado imo ndani pale magari meusi kumi na manne yalipokata kona, yakaacha barabara, yakapanda juu ya majani na kusimama katikati ya uwanja.

"Toba!" mjomba akasema. "Wamekanyaga mabomba."

Jina la nchi yetu sitalitaja. Sheria inamtaka anayelitaja awe amesimama wima na mkono kifuani, nami naandika nimekaa. Itoshe kusema ni nchi yenye wizara nyingi na mvua chache. Mwaka ule mvua haikunyesha kabisa, na serikali ilitutoa wasiwasi kwa kutangaza kwamba imekwenda likizo. Majani yalikauka kila mahali, hata kwenye bustani ya Mlezi Mkuu, mtawala wetu, ambako watumishi waliyapaka rangi ya kijani kila Ijumaa. Palibaki kijani mahali pamoja tu, nao ni uwanja wetu. Majani yake yalifika magotini, yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta.

Mtu wa kazi yetu akiona kijani cha namna ile huingiwa na baridi. Nieleze kwa nini, maana chuoni nilifaulu vizuri somo hili, na ndiyo sababu sina pa kujificha. Vinavyotoka chooni huingia kwenye karo. Humo vizito huzama, mafuta huelea, na maji ya katikati hutoka taratibu kwenda kwenye mabomba yenye matundu, yaliyolazwa juu ya kokoto chini ya uwanja. Ardhi huyanywa kidogo kidogo na kuyasafisha. Kazi hiyo inataka mambo machache tu: usipitishe magari juu yake, usijenge, usipande miti, usimwage mafuta ya kupikia, na kila miaka michache ulete gari likanyonye tope la kwenye karo. Ukiona majani ya uwanja yamestawi kuliko ya jirani, ujue ardhi imeshiba na maji yanarudi juu.

Chuoni uliitwa uwanja wa kunyonya. Kwetu jina hilo halikuruhusiwa. Miaka kumi na mmoja nyuma Mlezi Mkuu alitangaza kwamba unyonyaji umekwisha, na neno lenyewe likafutwa kwenye vibao vyote. Kadi za kliniki ziliandikwa kwamba mtoto mchanga "anapokea maziwa kwa ridhaa ya mama". Uwanja wa kunyonya ukabaki Uwanja tu. Na gari la kunyonya majitaka, lililokuwa limeandikwa kazi yake ubavuni kwa herufi kubwa, lilikamatwa likitoka kazini, likafungiwa katika yadi ya polisi kama mnyonyaji wa mwisho. Liko huko hadi leo. Kwa hiyo karo la vyoo mia mbili na arobaini halikuguswa kwa miaka kumi na mmoja. Asubuhi ile fimbo ya mjomba ilionyesha tope limepita theluthi mbili.

Kutoka gari la tatu akashuka Mheshimiwa Lukindo, Waziri wa Mandhari, mtu mnene mwenye macho mepesi kulia. Alipapasa majani.

"Ukame wote huu," akasema. "Nani anayamwagilia?"

"Wageni wa taifa, Mheshimiwa," mjomba akajibu. "Kila anayelala hapa anachangia."

"Kwa hiari yao?"

"Wengine kwa hiari. Wengine kwa haraka."

Waziri akatoa leso. "Uzalendo," akasema, akajifuta macho. Kisha akanigeukia. "Wewe binti ndiye msomi hapa? Nataka taarifa ya uwanja huu mezani kwangu kabla ya saa sita. Fupi. Mlezi Mkuu anatafuta mahali pa kufanyia sherehe."

Niliandika taarifa hiyo mara tano. Ya kwanza ilikuwa na jina lenyewe la vile vinavyotoka chooni. Nililitazama pale kwenye karatasi, nikahisi mama yangu amesimama nyuma ya kiti, nikalikata. Nyumbani kwetu tulisema "kwenda nje" hata baada ya choo kujengwa ndani. Chuoni mwalimu wetu alisema "majitaka", na hata hilo alilisema akitazama dirishani. Mimi ni mtu ambaye dukani hushindwa kudai chenji nikiona mwenye duka amenuna. Basi nikaandika hivi, kwa mwandiko mzuri:

"Uwanja umejaa na hauwezi kupokea zaidi. Ukiendelea kukanyagwa, vilivyo chini vitapanda juu, na harufu yake itawafikia hata walio mbali."

Nilidhani nimesema. Wallahi nilidhani nimesema.

Kila karatasi inayokwenda kwa waziri hupita kwanza Dawati la Lugha Safi. Anayelikalia ni Bi Zawena, mama mpole mwenye miwani ya kamba na kengele ndogo ya shaba mezani. Kazi ya kengele ni kufunika neno chafu kabla halijafika masikioni mwa mkubwa. Alisoma taarifa yangu, akaweka kalamu kwenye mstari wa pili.

"Mwanangu, 'vilivyo chini' ni vitu gani?"

"Ni vile… samahani, shikamoo. Ni vile vitu."

"Marahaba. Vitu gani?"

"Vya… vya watu wote."

"Basi sema vya umma." Akaongeza neno kwa wino mwekundu. "Na hii 'harufu' haikai vizuri. Tuweke 'habari'. Una la kuongeza?"

Mkono wake ulikuwa umepumzika karibu na kengele, vidole vinene vyenye pete moja. Alikuwa amenikaribisha karanga. Nikasema, "Hapana, asante."

Siku ya pili redio ya taifa ilisoma taarifa yangu mara tatu, ya tatu ikiwa na ngoma. "Wataalamu wamethibitisha: uwanja umejaa, ingawa sherehe haijatangazwa! Vya umma vilivyo chini vitapanda juu, na habari yake itawafikia hata walio mbali!" Haijapata kutokea uwanja ukajaa kabla ya watu kualikwa. Mlezi Mkuu alitokwa na machozi, wakasema, na akaitenga Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuwa Siku ya Kupanda. Fulana zilichapishwa. Mimi nilipandishwa cheo kuwa Mshauri wa Uwanja, nikapewa ofisi yenye feni na utepe wa bluu wa kubandika kifuani.

Mjomba Shaweji alikuja kunitazama ofisini. Alisimama mlangoni na viatu vyake mkononi, maana kulikuwa na zulia.

"Hongera, mama. Feni inazunguka kweli hii. Haya, umewaambia?"

"Nimewaambia, mjomba."

"Umewaambia kwa neno lake?"

"Kwa… maelezo."

Alinitazama bila hasira. Afadhali angekasirika.

"Sasa ninyi wasomi," akasema, "mtu ameketi juu ya siafu, mnamweleza? Mtaje siafu kwa jina lake! Ataruka."

"Nitakwenda tena kesho."

"Nenda," akasema. "Mimi nimeomba lile gari. Nimeandika ni gari la kupokea michango ya wageni, labda watalitoa."

Nilikwenda kesho yake, na kesho kutwa. Mara ya kwanza Waziri alinishika mkono akanionyesha ramani. Mara ya pili nilifika hadi kusema, "Mheshimiwa, pale chini pana…" akamalizia yeye, "Pana mustakabali, binti, najua," akaniamuru nile biskuti. Niliila. Na ombi la gari lilirudi na mhuri: michango ya wageni haichukuliwi na gari, ilipwe benki.

Wiki mbili zilizofuata nililiona kila kosa la kitabuni likitendeka kwa mpangilio, mimi nikiwa na utepe kifuani. Walimwaga zege katikati ya uwanja kwa ajili ya jukwaa. Wakapanda mivinje ishirini na mitano, mmoja kwa kila mkoa, na mizizi ya mvinje ikisikia maji hata zege huitoboa. Wakaleta maboza ya maji kumwagilia majani ambayo tayari yalikuwa yanaogelea. Mjomba alifanya aliloweza. Kwenye uwanja wetu kuna kisanduku kinachogawa maji pande mbili, na mtunza mzuri huufunga upande mmoja upumzike. Aliufunga wa kulia. Baada ya siku nne majani ya kulia yakaanza kupauka, dalili ya afya, nami nilifurahi sana. Waziri akaona rangi hazifanani, akaamuru upande wa kulia "urudishwe kwenye umoja wa kitaifa". Wakakifungua kisanduku kwa nyundo.

Siku ya Kupanda walikuja watu elfu kumi na mbili. Walikula pilau, wakanywa, wakaenda msalani, wote, katika vyoo mia mbili na arobaini. Wapishi walimwaga mafuta ya sufuria sitini kwenye sinki. Mimi nilikaa safu ya tatu nimebana magoti. Ardhi chini ya kiti changu ilikuwa laini kama keki.

Mlezi Mkuu alipanda jukwaani akiwa amevaa viatu vyeupe. Ni mtu mdogo, mwenye sauti nzuri, na kwa kweli anapenda watu.

"Vilivyo chini!" akaita.

"Vipande juu!" umati ukaitikia, ukipiga mguu wa kulia.

"Vilivyo chini!"

"Vipande juu!" Mguu wa kushoto.

Mara saba. Nataka kuwa wa haki katika hili, kwa kuwa baadaye yalisemwa mengi ya kashfa. Viliitwa mara saba, mbele ya mashahidi, kwa heshima zote. Vikaja.

Vilianza kama maji tu, ya rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, yakichuruzika kwenye ufa wa zege. Katika ukame ule hakuna aliyekuwa ameona maji yakitoka ardhini kwa miezi kumi na miwili. Waziri Lukindo alipiga magoti.

"Chemchemi!" akapaza sauti. "Chemchemi ya Taifa!"

Wanawake walipiga vigelegele. Harufu ilipofika, Bi Zawena alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba ni pumzi ya asili ya udongo wenye rutuba, akapiga kengele mara mbili kuwafunika waliokuwa wakikohoa. Mlezi Mkuu akaagiza bilauri. Akachotewa. Akaiinua, akatabasamu, akaiombea nchi.

Hapo ndipo mjomba Shaweji alipotokea upande wa jikoni akikimbia, fimbo yake mkononi, kitambaa kinapepea. Mtu wa miaka hamsini na minane, ana goti bovu. Alipanda jukwaa kama kijana akaipiga ile bilauri, ikaruka, ikapasuka kwenye zege. Walinzi walimwangusha palepale, uso kwenye maji. Nilimwona akigeuza kichwa, akinitafuta safu ya tatu. Nilifungua mdomo. Ulikaa wazi, na hakuna kilichotoka.

Alishtakiwa kwa kumwaga neema ya taifa. Kosa hilo lina adhabu moja tu: miaka tisa kwenye machimbo ya chumvi, huko ambako mtu mwenye goti bovu hamalizi miaka miwili.

Nilimpelekea chai mahabusu, saa saba mchana, siku moja kabla ya Baraza la Uchunguzi kuketi. Alionja.

"Tangawizi haimo."

"Nimesahau, mjomba. Nisamehe."

"Kwa tangawizi au kwa kingine?"

Nikaanza kulia. Akaniachia nilie kidogo, kisha akasema, "Haya, basi. Sikia. Wamelikamata daftari. Nimewaambia ni langu."

"Lina mwandiko wangu!"

"Wameniuliza mbona mzuri hivyo. Nikawaambia nilisoma kwa masista." Akacheka hadi akakohoa. "Wakauliza nani mwingine alijua hali ya uwanja. Nikasema hakuna, mimi na fimbo yangu. Kwa hiyo wewe tulia, mwanangu. Una ofisi. Siku moja utakuwa mkubwa, utalitoa lile gari."

"Mjomba, kwa nini unafanya hivi?"

"Kwani wewe ungefanyaje?" akauliza, kwa wema kabisa. Hakuwa na nia ya kunichoma. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikiwa na lile swali.

Baraza lilikaa kwenye ukumbi wa Nyumba ya Wageni, madirisha yamefungwa kwa sababu ya ile pumzi ya udongo. Mbele aliketi Mlezi Mkuu, kulia kwake Waziri Lukindo, kushoto Bi Zawena na kengele. Mezani kulikuwa na jagi la fedha lililojazwa kutoka kwenye Chemchemi asubuhi ile, na bilauri mpya. Utaratibu ulikuwa umechapishwa: sala, ushahidi, hukumu, Mlezi Mkuu kunywa, wimbo.

"Mshtakiwa," Waziri akasema, "mbele ya Baraza hili, kwa nini ulimwaga neema?"

Mjomba alisimama akiegemea goti zima.

"Mheshimiwa, ile haikuwa neema. Yalikuwa ni ma…"

Kengele.

"Nasema katika ile bilauri kulikuwa na ma…"

Kengele.

"Mama Zawena, hebu nipishe kidogo nimalize. Ni ma…"

Kengele, ndefu, hadi akakaa.

"Iandikwe," Waziri akasema, "kwamba mshtakiwa alipewa nafasi tatu na hakuweza kukitaja alichokiona."

Karani akaandika. Kisha wakaniita mimi, si kama mshukiwa bali kama Mshauri wa Uwanja, nisome taarifa yangu iingie kwenye kumbukumbu. Niliisoma. "Uwanja umejaa na hauwezi kupokea zaidi." Wakapiga makofi. "Vya umma vilivyo chini vitapanda juu." Wakasimama, wakapiga makofi tena. Mjomba pekee ndiye aliyebaki amekaa. Alikuwa akitazama viatu vyangu, vipya, vya cheo.

"Ahsante, binti," Bi Zawena akasema. "Una la kuongeza?"

Jibu langu la kila siku lilikuwa tayari ulimini. Hapana, asante. Limenitoka mara nyingi maishani, nadhani litanitoka hata siku ya kuzikwa kwangu. Lakini Waziri alikuwa ameshika kalamu ya hukumu, na Mlezi Mkuu alikuwa tayari anajimiminia, akiwa na haraka ya kiu, na nikamwona mjomba anaanza kuinuka kwa lile goti. Nilijua anachotaka kufanya. Walinzi wawili walikuwa nyuma yake na bunduki. Angeikimbilia bilauri ya pili.

Nilitembea hadi mezani. Nilijigonga kwenye kona yake. Bi Zawena akainua kengele, pengine kwa mazoea tu. Nikaishika. Niliingiza vidole ndani yake, nikaubana ulimi wake wa shaba, nikauhisi unahangaika kama kitu hai.

"Mwanangu," akanong'ona, "utaniumiza."

"Nisamehe, mama," nikasema. Sikuuachia.

"Binti!" Waziri akasimama. "Hii ni nini?"

"Ile taarifa ni yangu, Mheshimiwa. Daftari ni langu. Mjomba hajasoma kwa masista. Nilijua tangu siku ya kwanza, nikaandika 'vilivyo chini' kwa sababu niliona haya."

Bilauri ilisimama karibu na midomo ya Mlezi Mkuu. Alinitazama juu ya ukingo wake, kwa upole, kama mtu anayemsubiri mtoto akumbuke shairi.

"Usiogope," akasema. "Ulimaanisha nini?"

Nilitaka kutazama dirishani, kama mwalimu wangu, lakini madirisha yalikuwa yamefungwa. Nikamtazama yeye.

"Mavi," nikasema. "Nilimaanisha mavi."